Uzi Mweupe wa Sanje

Mama yangu hakuwa mtu wa kusubiri utabiri wa hali ya hewa redioni. Alfajiri alitoka na ndoo mkononi, akasimama kwenye kona ya nyumba ambako mwembe haukumziba macho, akautazama mlima. Kisha akatoa hukumu. "Uzi umenenepa." Maana yake huko juu kumenyesha usiku kucha, mto utajaa, watoto wasisogee darajani, na mablanketi hayafuliwi leo. Siku nyingine alisema, "Uzi umekonda," nasi tukajua kiangazi kimekaza na bomba la kambi litaanza kukohoa upepo badala ya kutoa maji.

Uzi wenyewe ulikuwa maporomoko ya maji ya Sanje, ambayo kwa mbali ni mstari mweupe, mwembamba, kama umechorwa kwa chokaa kwenye ukuta wa kijani wa Milima ya Udzungwa. Tulikulia chini yake, kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa upande wa Msolwa, baba akiwa fundi wa matrekta. Mbele yetu miwa, nyuma yetu miwa, na magharibi ule ukuta. Jua letu lilizama mapema kuliko la watu wengine. Saa kumi na moja jioni watu wa Ifakara bado wanaota jua, sisi kivuli cha mlima kimeshatambaa hadi kwenye kamba za nguo. Msimu wa kuvuna, miwa ilipochomwa usiku kabla ya kukatwa, masizi meusi yalidondoka juu ya mashuka meupe, na mama akagombana na anga.

Katika miaka yote niliyoishi pale, hakuna mtu wa kwetu aliyenipeleka kwenye uzi ule. Wala hakuna aliyekataa. Wazo lenyewe halikuwapo. Mlimani walikwenda wawindaji, waokota kuni, waganga wenye haja na mizizi, na baadaye wageni wenye mabegi makubwa mgongoni. Sisi tulikuwa watu wa kuutazama. Nimefikisha miaka 43 nikiwa nimepanda ndege mara kadhaa, nimeona bahari tatu, na sijawahi kusogelea kitu nilichokiona kila siku nikipiga mswaki.

Mwezi wa sita, masika yakiwa yameshaondoka na njia zimekauka, nikamchukua mtoto wa dada yangu, wa miaka 14, ambaye likizo yake ilikuwa inaliwa na simu. "Mama mdogo, kuna nini huko?" akauliza. Nikamwambia kuna maji yanayoanguka. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa atapelekwa kuona ukuta.

Njia siku hizi si ile ya utoto wangu. Kutoka Mikumi unaiacha barabara kuu ya Iringa, unashika ya Ifakara, unapita Kidatu na mto Ruaha Mkuu. Zamani kuanzia hapo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na mieleka ya matope wakati wa masika; kosta ilikwama, abiria tukashuka kusukuma, wanawake wakapandisha khanga hadi magotini. Sasa kuna lami, na kosta imejifunza kukimbia. Tulilala Mang'ula, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa na kituo cha reli ya TAZARA. Usiku pembere walilia msituni kwa ile sauti yao ya mlango usiotiwa mafuta, na kijana wangu akaja kugonga mlango wangu kuuliza nani anauawa. Nikamwambia ni mnyama mdogo anayemzidi sungura kidogo tu. Hakuamini. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo sikuamini.

Udzungwa haifanani na hifadhi zetu zinazopigwa picha kwenye kalenda. Humo ndani hakuna barabara ya magari. Huwezi kukaa kwenye kiti cha gari, ukachungulia simba kupitia paa lililofunguliwa, ukaandika umetembelea. Ni miguu yako tu. Kilometa za mraba 1,990 za mlima, na mlango pekee ni nyayo. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatuijui, ingawa ilitangazwa tangu 1992. Mtanzania ukimwambia likizo ni kupanda mlima kwa saa nne huku umebeba maji yako mwenyewe, atakuuliza umekosa kazi shambani?

Tukajiandikisha, tukapewa mwongozaji, kijana wa makamo mwenye mabuti ya mvua na panga lililofungwa kwenye ala ya mpira wa gurudumu. Bajaji ikatupeleka Sanje, mwendo wa kilometa kama 10 kurudi kaskazini. Njiani alituonyesha mashamba yaliyozungushiwa kamba zenye mizinga ya nyuki. Tembo hushuka usiku kutoka msituni kufuata mpunga, mahindi na ndizi. Akiigusa kamba, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na mnyama wa tani kadhaa anageuza njia kwa kumwogopa mdudu. Kijana wangu akatoa simu kwa mara ya kwanza bila kujipiga picha mwenyewe.

Saa mbili na nusu asubuhi tukaingia.

Sijui nieleze vipi mpaka wa ule msitu. Unaacha kijiji, unapita migomba, unapita mikorosho miwili mitatu na nyasi zenye umande, halafu hatua moja tu na mtu ni kama amefunga mlango nyuma yako. Joto la bondeni linabaki nje. Mwanga unageuka kijani. Harufu inakuwa ya majani yaliyooza, uyoga na kitu kitamutamu ambacho mwongozaji alisema ni matunda yaliyodondoka na kuchacha chini ya mkuyu. Sauti ya pikipiki za barabarani, niliyodhani itatufuata kutwa, ilikatika kabla hatujamaliza kona ya pili.

Njia inapanda mara moja, haina salamu. Mizizi imejipanga kama ngazi za nyumba ya zamani, kila moja na kimo chake. Miti mikubwa ina mizizi iliyosimama kama mbao za kuegemeza ukuta, mingine inanizidi kimo, na katikati ya mbao mbili mtu angeweza kulaza mtoto. Jongoo weusi wanene kama kidole gumba walivuka njia taratibu, bila kujali nani ana haraka. Baada ya nusu saa, magoti yangu yakaanza kudai madeni ya miaka yote niliyopanda lifti.

"Pole pole, mama," mwongozaji akasema. "Maji hayahami."

Kile ambacho kutoka chini ni ukuta wa kijani, kwa ndani ni msitu unaopanda bila kukatika. Kuanzia karibu mita 250 juu ya usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 2,000, miti inapokezana: ya joto chini, ya ukungu juu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mnyororo huo ulishakatwa katikati na mashamba. Hapa ungali mzima, na ndiyo sababu mlima huu umejaa viumbe ambao hawapo kokote kwingine. Udzungwa ni kipande kikubwa kuliko vyote cha Tao la Mashariki, ile milima inayoanzia vilima vya Taita huko Kenya na kushuka kupitia Upare, Usambara, Uluguru. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unapita nchi tambarare bila kuutua mzigo, unafika kwenye ukuta huu, unalazimika kupanda, unapoa, unaangusha maji. Hali hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Misitu mingine ilipokauka katika vipindi vya ukame wa dunia, hii ilibaki na maji, kila mlima ukawa kisiwa, na kila kisiwa kikaendelea kulea watoto wake peke yake.

Nilipokuwa nikihema kwenye jiwe nikakumbuka kwamba uzi wa mama haukuwa kazi ya mlima peke yake. Ulikuwa bahari.

Juu yetu matawi yakapasuka. Mbega wekundu wa Udzungwa, kundi zima, walikuwa wanahama kutoka mti hadi mti kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu angeita kujirusha tu: mikono wazi, tumbo mbele, na imani kwamba upande wa pili kuna tawi. Vichwani wana kofia ya manyoya mekundu kama waliochovywa hina. Watoto wamebebwa tumboni. Wakubwa wakatutazama, wakaona hatuna maana, wakaendelea na majani yao.

Lakini niliyemtaka hakuwa mbega. Nilitaka ng'olaga.

Kisa chake kinanipendeza kuliko visa vyote vya mlima huu. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa hapahapa Sanje wakiwafuatilia mbega wekundu. Wakasikia sauti kutoka bondeni, mlio mkubwa unaoanza kama mwito na kuishia kama mtu anayegugumia maji. Mmoja aliyezoea nyani wa misitu alijua sauti ya namna hiyo ni ya jamaa ambao hawakutarajiwa kabisa huku. Wakamuuliza mwenyeji aliyekuwa nao. Yeye hakushtuka hata kidogo. Ah, huyo ng'olaga. Kila mtu anamjua.

Ndivyo sayansi ilivyompata nyani mwingine mkubwa wa Tanzania, wa rangi ya kijivu, uso mweupemweupe, ambaye leo vitabuni anaitwa Cercocebus sanjei, kwa jina la kijiji nilichokuwa nakiona nikienda mnadani na mama. Anaishi katika misitu miwili tu ya milima hii, na kati ya msitu na msitu ni mbali kiasi kwamba hawa hawawezi kuwaoa wale. Mimi nilikuwa mtoto kilometa chache kutoka hapo. Shuleni tulifundishwa kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Hatukufundishwa kwamba kwenye dirisha la darasa, upande wa kushoto, kuna mnyama ambaye dunia nzima imemsikia juzi tu.

Sisemi kwamba watafiti hawakufanya kitu. Mwenye jina la mnyama na mwenye kujua kwamba mnyama huyo hayupo kwingine kokote ni watu wawili tofauti, na wanahitajiana. Ila hilo neno "kugunduliwa" linanitekenya vibaya. Mwaka 1991, upande wa ndani zaidi wa milima hii, wanasayansi kutoka Denmark walimgundua kwale wa Udzungwa baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mchuzi kambini. Ndugu zake wa karibu wako Asia. Jambo kubwa kabisa, ndege wa ukoo wa kale aliyesalia hapa. Nami kila nikilifikiria namwona mpishi amesimama na mwiko, anawaza hawa wageni wanalia nini, mbona chumvi nimeweka.

Hatukumwona ng'olaga. Tulimsikia mara moja, mbali sana upande wa kulia, na mwongozaji akainua kidole. Kijana wangu akasema inafanana na tumbo la mtu mwenye njaa. Haikuwa mbali na ukweli.

Maji ya Sanje yanakufikia masikioni muda mrefu kabla ya machoni. Mwanzo nilidhani ni upepo. Kisha upepo ule haukukoma, ukawa kama uwanja wa mpira uliojaa watu, ukiusikia kutoka mtaa wa tatu. Majani ya pembeni yakaanza kung'aa kwa unyevu. Mawe yakavaa kuvu na ndimi za ferni. Hewa ikapoa ghafla, nikahisi chembe ndogo za maji usoni, laini kuliko mvua, nzito kuliko ukungu. Pwani wangeiita rasharasha. Kona moja zaidi, na msitu ukafunguka.

Maporomoko ya Sanje si anguko moja. Mto unashuka kwa hatua tatu, jumla yake mita 170, na katikati ya hatua hizo unapumzika kwenye vidimbwi vya mawe. Tulipotokea sisi ni kwenye dimbwi lenye anguko juu yake, pana, linalogonga mwamba na kutawanyika kabla ya kufika chini. Maji meupe, halafu ya kijani, halafu meusi palipo na kina. Nilisimama pale na mdomo wazi kama samaki. Jambo la kwanza lililonijia ni aibu kidogo: hili jitu lenye kishindo ndilo tulilokuwa tunaliita uzi.

Mwongozaji akasema tunaweza kuoga, ila tusisogee chini kabisa ya anguko, maana hudondosha mawe na matawi bila taarifa. Kijana wangu alikuwa ameshavua raba zake nyeupe, ambazo kwa kweli hazikuwa nyeupe tena, akatumbukia. Akatoa ukelele ulioamsha hondohondo upande wa pili wa bonde. Mimi nilijifunga kitenge nikaingia taratibu, kidole kwa kidole, kama walivyoingia mama zangu mtoni. Baridi yake inauma mfupa. Huwezi kuamini kwamba saa moja na nusu chini ya hapo watu wanakaa kivulini wakijipepea kwa vifuniko vya ndoo.

Baadaye nililala juu ya mwamba wenye joto, nyunyu ikinilowesha upande mmoja na jua likinikausha upande wa pili, na nikaanza kuwawaza vyura.

Watanzania wa rika langu wanawakumbuka vyura wa Kihansi, na wengi tunawakumbuka kwa kicheko. Kihansi ni mto mwingine wa milima hiihii, upande wa kusini, ambao nao huanguka kutoka ukingoni kuingia bonde la Kilombero. Miaka ya tisini ilipokuwa ikijengwa mitambo ya umeme pale, watafiti walikuta chini ya maporomoko, kwenye majani yanayoloweshwa na nyunyu saa 24, chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mfupi kuliko kidole chako, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai majini. Makazi yake yote duniani hayakuzidi hekta chache. Si mto mzima wala msitu mzima. Nyunyu tu. Pale palipoloa, alikuwapo. Hatua chache nje ya hapo, hayupo.

Mitambo ilipoanza kazi, maji mengi yakapita kwenye handaki badala ya kuanguka, na nyunyu ikafa. Ikawekwa mifumo ya mabomba kuiga rasharasha. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani, na hapo ndipo nchi ilipoangua kicheko. Vyura wamepanda ndege! Mitaani, vijiweni, mpaka bungeni, watu waliuliza kwa nini vyura wapate safari na fedha wakati zahanati hazina dawa. Mimi nilikuwa binti wa chuo, nikacheka nao. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ukawapitia waliobaki, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Waliocheka hawakucheka tena, au labda walikuwa wameshasahau. Mwaka 2010 watoto wa wale wasafiri wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi, chini ya nyunyu ya mabomba.

Umeme ule ulihitajika. Mimi mwenyewe nimeandika makala hii kwa taa. Sina hukumu nyepesi ya kumpa mtu. Lakini ukishalala kwenye mwamba wa Sanje, shavu limeloa, unaelewa kwa ngozi jambo ambalo magazeti hayakufanikiwa kunieleza: kwamba unyevu wa mahali ni nyumba. Karibu na kiwiko changu kulikuwa na kuvu, na ndani ya kuvu vijani vidogo kama tundu la sindano, na juu ya vijani mdudu mwekundu anayetembea kama ana mahali pa kuwahi. Kama maji yakihamishwa mita 20 kushoto, mtaa ule wote unakufa.

Tulikula ndizi mbivu na karanga. Nikamuuliza mwongozaji kama watu wa kijijini kwake hupanda huku. Akacheka kidogo. Alisema watoto wa shule wameanza kuletwa. Wazee wanakujua vizuri sana, ila si kwa njia hii. Mama yake aliwahi kuingia msituni kuokota kuni kavu, siku zilizoruhusiwa. Tangu 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa, msitu ukabaki kwa msitu. Wengine walipanda miti yao nyumbani, wengine wananunua mkaa, wengine, akasema huku akifunga begi, "wanajua wenyewe." Hakuonekana na kinyongo. Ila alisema jambo ambalo nimelibeba: kwamba mama yake akipita barabarani siku hizi haangalii mlimani, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga.

Njia ya kuelekea ukingoni ni fupi na mbaya. Mawe yana utelezi, na sehemu moja unashika mizizi kwa mikono yote miwili huku ukijaribu kutofikiria kilicho chini. Kijana wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa anatangulia, akabaki nyuma kunishika mkono. Sikujua kama ananisaidia au anasaidiwa, na sikuuliza.

Halafu miti ikaisha. Mto ulipita pembeni yetu, mtulivu kabisa, kina cha magoti, ukizunguka mawe bila haraka. Hatua kama kumi mbele haukuwapo tena. Pale ulipokatika kulikuwa na anga tu.

"Mwisho hapa, mama. Kaa chini kwanza, ndiyo uangalie," mwongozaji akasema.

Nikakaa. Nikajivuta kwa makalio kama mtoto. Nikaangalia.

Bonde la Kilombero lote lilikuwa limetandazwa chini, kijani juu ya kijani, mpaka linapoyeyuka kwenye ukungu wa upande wa mashariki. Barabara ya lami kama utepe wa kaseti. Reli. Mabati ya Sanje yakimetameta. Na upande wa kushoto, vipande vya miwa vilivyokatwa kwa rula, vingine vimeshavunwa na kubaki rangi ya mkate, kimoja kikitoa moshi mwembamba uliosimama wima kwa kukosa upepo. Niliufuata moshi ule kwa macho, nikahesabu vipande kurudi nyuma, nikatafuta mifereji, nikatafuta mstari wa miti. Kambi yetu ilikuwa mahali pale. Nyumba kumi na nne kwa safu, mwembe kwenye kona. Sikuiona. Labda ilishabomolewa, labda ni macho. Lakini nilijua ni pale, kwa sababu hiyo ndiyo pembe ambayo kwayo tulikuwa tukiuona uzi, na pembe haibadiliki ukiigeuza.

Kwa miaka yote nilidhani sisi ndio tuliokuwa tukiutazama mlima.

"Mama mdogo, kuna mtandao!" kijana akapiga kelele. Kweli, mnara wa bondeni ulikuwa unatuona waziwazi. Nikampigia mama, ambaye sasa anaishi Morogoro mjini, nyumba yenye bomba lisilokohoa sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona kelele? Uko mashineni?"

"Niko Sanje, mama. Juu. Nimekaa kwenye uzi wako."

Kimya kidogo. Nikasikia ameweka sufuria chini.

"Kwenye uzi kabisa?"

"Kabisa. Maji yanapita hapa pembeni ya mguu wangu."

Nilitegemea ataniambia niondoke ukingoni, au ataniuliza kama nimekula, maana hayo ndiyo maswali yake mawili. Badala yake akauliza, kwa sauti ileile ya alfajiri, sauti ya mtu mwenye nguo za kufua:

"Umenenepa au umekonda?"

Nikayatazama maji. Nikayatazama yalivyokuwa yakija kutoka chini ya matawi, yakiteleza juu ya mwamba, yakifika pale pa kukatikia na kutoweka. Yalikuwa mengi? Yalikuwa machache? Mengi kuliko nini?

"Sijui, mama," nikamwambia. "Kutoka hapa huwezi kujua."

"Ah," akasema, akiwa amekatishwa tamaa kidogo na elimu yangu. "Basi ukishuka uniangalizie."

Tuliteremka kwa njia nyingine, ndefu kidogo na yenye huruma kwa magoti. Saa tisa tukatokea kijijini, joto likatupokea kama ndugu asiyejua kupunguza sauti. Mama ntilie mmoja pembeni ya barabara alituuzia wali wa pale pale na maharage ya nazi, na kijana wangu akala sahani mbili bila kugusa simu, ingawa sitalihesabu hilo kuwa muujiza. Ilikuwa imeisha chaji.

Tukisubiri usafiri wa kurudi Mang'ula, nikavuka upande wa pili wa barabara, nikatafuta sehemu ambako miti haizibi. Ulikuwa pale. Mweupe, mwembamba, kimya kabisa, haujui lolote kuhusu kishindo chake. Kivuli kilikuwa kimeanza kushuka mlimani.

Nikaomba simu ya mama ntilie.

"Umekonda, mama," nikasema. "Kidogo tu."

"Haya," akasema. "Basi kesho watu wa huko watafua mablanketi."

Nikamrudishia mama ntilie simu yake. Naye alikuwa ameinua macho, ameweka kiganja juu ya paji la uso, anaangalia.